Mlango wa Masika

Jumatatu, 6 Agosti 2001. Butembo

Rasimu ya tatu ya programu ya arusi ya mdogo wangu Kavira imekamilika. Kurasa mbili, zimepigwa chapa kwa mashine ya shule, utepe hafifu. Misa saa mbili asubuhi. Kuondoka kwenda Beni saa tano. Kumwingiza bibi arusi nyumbani kwa mumewe saa tisa. Kifungu cha saba: watoto wa chini ya miaka kumi na miwili watabaki nyumbani. Sababu tatu. Lori ni moja. Vizuizi vya askari ni vinne. Mtoto hajui kunyamaza.

Baba amesoma, akavua miwani. "Arusi bila batoto? Unatayarisha arusi ao seminari?"

Wote wamecheka. Sijabadili kitu.

Jumatano, 8 Agosti

Habari kutoka Luofu: mapigano, barabara imefungwa. Mama yake Kambale, bwana arusi, hataweza kufika. Yu salama, lakini pengo lipo. Desturi yataka mwanamke wa nyumba ya mume awe ndani, mlango umefungwa, aulize wageni wanataka nini, kisha afungue. Kambale hana dada. Mke wake wa kwanza alifariki miaka mitatu iliyopita. Shangazi Anastazia anashauri tuazime jirani.

Nimeandika: jirani. Neno halinipendezi.

Jumamosi, 11 Agosti

Siku mbaya, na ubaya wake umetoka kwangu.

Kambale amefika kutoka Beni kuonana na padri. Ni fundi wa redio. Vita vimempa wateja ambao amani haikumpa. Amekuja na binti yake wa pekee, Masika, mwenye miaka minane. Mtoto aliichukua programu mezani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi sahihi yangu.

"Mama mukubwa, jina yangu iko wapi?"

Nilimweleza kifungu cha saba, kwa upole na kwa utaratibu. Alisikiliza vizuri. Akauliza nani atafungua mlango. Nikamjibu.

"Mulango ni ya kwetu. Miye nitaufunga, nitabakia mule ndani. Jirani afungue ya kwake."

Baba yake aliona haya, akamkaripia. Baadaye alinieleza. Tangu mama yake afariki, wanawake watatu wamemlea. Wa kwanza alikimbilia Uganda. Wa pili aliolewa. Wa tatu aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Masika hachukii arusi. Hataki kumzoea wa nne.

Kavira alisikia yote. "Yaya," akaniita mimi dada yake, "kama mutoto hanitaki, siingii." Hakuwa anatania.

Basi ndoa nzima sasa inamtegemea mtu niliyemwacha nje ya karatasi. Nilidhani napanga ndoa ya watu wawili. Nilihesabu vibaya.

Jumanne, 14 Agosti

Nimefuta kifungu cha saba. Mahali pa jirani nimeandika: Mlango utafunguliwa na Masika, binti wa nyumba. Barua ya kumwuliza kama atakubali imekwenda Beni kwa mkono wa dereva.

Shangazi amewaka. "Mutoto afungulie bibi mupya ya baba yake? Na akikataa?"

Swali sahihi. Akikataa, tutageuza lori. Kavira amekubali, anataka mtoto aulizwe kweli, si kwa mchezo.

Watoto wa ukoo watakaosafiri: kumi na wanne. Nimewahesabu mara mbili, kwa kuwa hawatulii.

Ijumaa, 17 Agosti

Jibu kutoka Beni, kwa penseli, herufi kubwa: NITAKUWA MU NYUMBA. SIKUSEMA NITAFUNGUA.

Sentensi mbili, hakuna neno la ziada. Nimempenda mtoto huyu. Nina hofu.

Jumamosi, 18 Agosti. Beni, jioni

Misa ilianza kwa wakati. Mengine yote, hapana.

Ndani ya lori: watu wazima ishirini, watoto kumi na wanne, na mbuzi mmoja asiyekuwamo katika programu. Watoto waliimba njia nzima. Kwenye kizuizi cha tatu askari alipanda na bunduki yake, uso umekunjwa. Mpwa wangu wa miaka minne akamnyooshea andazi alilokwisha kuliuma. Askari alilitazama, akalila, akashuka, akainua mti uliofunga njia. Sababu yangu ya pili imeanguka hapo.

Tulifika saa kumi. Mlango umefungwa. Ndani, vicheko vya watoto wa mtaa vilivyobanwa mdomoni. Shangazi akabisha.

"Nani iko pale?"

"Ni siye, bageni ba Butembo."

"Munatafuta nini?"

"Tunaleta bibi arusi."

"Yeye hana mudomo? Aseme yeye mwenyewe."

Ua mzima ulicheka. Lakini bibi arusi hasemi neno kabla shangazi yake hajapewa kitenge. Niliandika hivyo mwenyewe, kifungu cha kumi na moja. Shangazi alinitazama. Kavira alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Kavira akasogea hadi paji la uso likagusa mbao. "Ni miye, Kavira. Naomba kuingia."

Kisha sauti ndogo:

"Utaikala kwetu siku ngapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Kambale aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka Kavira, ila sauti yake ilikuwa imara.

"Siku zote Mungu atanipatia. Na nikienda hata ku soko, nitakuambia kwanza."

Sijui tulingoja muda gani. Mimi, mwenye saa mkononi, sikuitazama.

Komeo likavutwa. Masika alisimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Ingia. Lakini vua viatu, tumepangusa."

Vigelegele. Shangazi alidai kitenge chake kwa kuchelewa, akakipata, akasamehe. Watoto walicheza mbele, wakubwa nyuma. Nimecheza pia. Naandika hili ili nisije nikalikana.

Jumapili, 19 Agosti. Beni

Asubuhi. Wengine bado wamelala, watoto wamelaliana juu ya mikeka sebuleni. Sina kazi ya kufanya, jambo geni kwangu. Nimeketi uani.

Jikoni Masika anamwonyesha Kavira sufuria inayovuja na ile isiyovuja, chumvi inakaa wapi, kuni zipi zina moshi. Kavira anauliza tena juu ya chumvi, kana kwamba hakusikia. Masika anaeleza upya, polepole zaidi.