Kuchagua Mfuko wa Karisimbi

Jumatatu, 2 Juni
Ukungu mwepesi bondeni, jua saa mbili. Digrii kumi na sita barazani.

Ofisini Kacyiru mapema. Nimesafisha mitego yote, nimepaka mafuta kwenye bawaba. Tunaondoka kwenda mlima Karisimbi tarehe kumi na nne. Siku kumi na mbili za kuwinda panya na virukanjia: kuwanasa, kuwapima, kuwaandika, kuwaachia.

Daktari Murekatete, mkuu wetu, amerudia sharti lake. Kila mtu aje na mfuko wa kulalia unaostahimili digrii sifuri. Akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi.

Februari, kule juu, nilitetemeka mpaka nikashindwa kuinuka kwa zamu yangu ya kukagua mitego. Kirukanjia ni mdogo kuliko kidole gumba. Akiachwa mtegoni kwenye baridi, hafiki asubuhi. Kwenye mstari wangu wa mitego walikufa kumi na mmoja. Solange, mwenzangu kazini, alikwenda kuwatoa, kisha akanishikilia mkono mpaka chini. Nilisema tatizo ni mfuko. Ulikuwa mwembamba kweli. Daktari alisema ikitokea mara moja ni ajali. Hakusema ikitokea mara mbili ni nini.

Nina miaka arobaini na minne. Huu ni mwaka wa saba wa kazi hii. Sitaki nyingine.

Jumatano, 4 Juni
Jua. Vumbi tayari.

Sokoni Nyabugogo baada ya kazi. Kelele, wapagazi, mabasi ya Musanze. Mkongo mmoja anauza mahema na mifuko ya mtumba nyuma ya wauza viatu. Alikuwa na mifuko miwili ya maana.

Wa kwanza: manyoya ya bata, mwepesi kama mto wa kitandani, zipu nzima.
Wa pili: pamba ya kiwandani, mzito, kofia nzuri inayofunga usoni, zipu inakwama kidogo karibu na goti.

Alinisifia ule wa manyoya. "Mama, hii iko na joto kupita bwana." Nikamwambia bwana sina, kwa hiyo siwezi kulinganisha. Wapagazi wakacheka. Nikavua viatu, nikaingia ndani ya mifuko yote miwili pale chini kwenye turubai, mmoja baada ya mwingine. Wakacheka zaidi. Mmoja akauliza kama maiti inatafuta jeneza.

Kisha nikamwagia kona ya kila mfuko maji kidogo kutoka chupani. Mkongo akaruka. "Ee mama! Unanunua ao unafua?" Manyoya yakashikamana, yakawa kama kuku aliyenyeshewa. Pamba ikalowa lakini ikabaki imevimba. Kwenye Karisimbi ukungu unaingia hemani kila alasiri. Nikachukua wa pamba.

Nimefurahi. Nimechoka sana pia. Kupanda kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani nimepumzika mara tatu.

Alhamisi, 5 Juni
Mawingu. Nimeufua mfuko na kuuanika. Hakuna jingine.

Jumapili, 8 Juni
Jua kali tangu asubuhi.

Nilitaka kuujaribu kabla ya mlima. Kigali haina baridi ya kutosha. Mdogo wangu Fabrice analinda chumba cha baridi wanachohifadhi maharage mabichi na pilipili za kusafirishwa ng'ambo. Jumapili ni kitupu nusu. Digrii nne, mchana na usiku.

Fabrice aliuliza kama aniandikie lebo ya Dubai. Akakaa nje ya mlango, anagonga kila robo saa, nami nagonga kujibu.

Jaribio la kwanza. Kuanzia saa tano. Mkeka chini. Dakika ya arobaini: miguu baridi. Baada ya saa moja na dakika ishirini: natetemeka. Nikatoka.

Nikasema ni sakafu. Jaribio la pili, saa nane. Maboksi mawili chini ya mkeka. Soksi kavu, kofia ya sufu, nimekula ugali na maharage kwanza. Dakika ya hamsini: miguu. Baada ya saa moja na nusu: meno yanagongana. Fabrice alifungua mlango bila kusubiri. "Dada, midomo yako imekuwa ya majivu."

Sijui kosa liko wapi. Labda pamba imechoka. Labda nilikosea kuchagua.

Jumanne, 10 Juni
Ukungu, halafu jua.

Nimemwomba Solange aujaribu. Jaribio moja halitoshi ikiwa mpimaji ni mmoja. Ana miaka ishirini na sita, tunalingana urefu. Amekuja baada ya kazi. Chumba kilekile, maboksi yaleyale, digrii nne.

Alipogongewa mara ya tatu hakujibu. Tukafungua kwa hofu. Anakoroma. Tukamwacha. Baada ya saa mbili akatoka mwenyewe, shingo ina jasho. "Mana yanjye, Mungu wangu, dada Conso, nimeiva! Mfuko huu ukiuuza, niambie mimi wa kwanza."

Nilicheka naye. Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani na koti.

Si mfuko. Ni mimi.

Jumatano, 11 Juni
Sikutazama hali ya hewa.

Leo fomu za safari. Aina ya mfuko: nimejaza. Joto linalostahimiliwa: nimejaza. Swali la afya: nimeandika "nzuri". Mwandiko wangu mzuri kabisa. Nimemkabidhi Daktari. Akasema, "Safi, Consolata. Umejiandaa." Nimeona aibu.

Jioni nimefungua shajara za nyuma. Naandika siku zangu za mwezi kwa nukta nyekundu. Tangu Septemba: siku nane, tisa, nane, kumi, hivyo hivyo mpaka sasa. Kizunguzungu kimeandikwa mara kumi na nne. Uchovu kila ukurasa. Nimekuwa nikiandika kila kitu na sijawahi kukijumlisha. Panya wa watu nawajumlisha kila jioni.

Alhamisi, 12 Juni
Baridi kidogo asubuhi, digrii kumi na tano.

Nimekwenda kwa Daktari kabla hajavua koti. Nimemwambia yote: chumba cha baridi, Solange, nukta nyekundu. Nilitegemea huruma.

Aliuliza nimejua tangu lini. Tangu juzi. "Na fomu umenipa jana." Ndiyo. Akasema wangekufa wengine kumi na mmoja, na labda mtu. Ni kweli.

Kisha akanituma kupima damu, leo leo. Matokeo saa kumi: damu iko chini sana. Mganga wa zahanati alinivuta kope ya chini, akatikisa kichwa, akaniuliza nimewezaje kupanda ngazi zake. Vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu, na barua ya kumwona mtaalamu wa wanawake wiki ijayo.

Safari hii siendi. Daktari amelifuta jina langu kwa kalamu ya wino. Mstari wangu ni wa Solange.

Ijumaa, 13 Juni
Jua.

Nimemfundisha Solange mstari wangu, mtego kwa mtego, kwenye karatasi. Wapi kuna mizizi, wapi maji hukaa. Nimempa mfuko. Alitaka kukataa. Nikamwambia zipu inakwama karibu na goti, aivute taratibu, asiilazimishe. Akanikumbatia. Akasema wihangane, vumilia. Nimekasirika, lakini si naye.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi shwari, anga safi, digrii kumi na saba.

Gari liliondoka Kacyiru saa kumi na moja alfajiri. Sikwenda kuwaaga. Nilikuwa macho.

Nimefagia. Fabrice kaleta maini na isombe ya majani ya muhogo, akakaa mpaka nikamaliza sahani. Hakufanya mzaha hata mmoja. Kidonge kimoja mchana, kingine jioni. Ladha ya msumari.

Jioni Solange ametuma ujumbe kutoka chini ya mlima. Mvua ndogo, wote wazima, kesho wanapanda.

Nilidhani nitalia. Nimechoka tu, na kwa mara ya kwanza najua kwa nini. Blanketi mbili, soksi, dirisha limefungwa. Saa mbili na dakika arobaini. Nalala.