Dereva Ni Mmoja Tu

Ijumaa, 8 Agosti

Kesho safari. Likizo yetu ya kwanza tangu tuoane — miaka kumi na miwili! Siku tano, mimi na mume wangu, gari la kukodi, hoteli yenye bustani. Daftari hili nimeliweka chini kabisa ya mkoba, ndani ya taulo, asije akaliona.

Nimeosha gari la wagonjwa kabla ya kukabidhi zamu. Msimamizi kanitania: dereva naye anakwenda likizo kuendesha? Nikamwambia wapi, safari hii naendeshwa mimi, mguu juu ya mguu. Nimetabasamu peke yangu njia nzima.

Nafika nyumbani, sebuleni kuna sanduku la tatu. La wifi. Daktari kamwambia presha yake inataka hewa safi, na hewa safi eti iko kwenye likizo yangu. Mume wangu alikuwa mbele ya kioo anachana nywele. Hata hakugeuka. "Usianze," akasema.

Sijaanza. Miaka kumi na miwili sijaanza kitu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetua saa nne asubuhi. Kaunta ya magari ya kukodi iko mwisho kabisa wa uwanja, ubavuni mwa vyoo. Mume wangu mbele, kifua nje. Ameagiza gari kubwa mwezi mzima uliopita, na ndugu wote wameshatumiwa picha yake. Binti wa kaunta akaomba leseni. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Baba, hii imekwisha muda. Miezi minane sasa."

Haiwezekani, akasema. Mtambo wenu mbovu, akasema. Yeye ni mkuu wa idara, ana watu thelathini na wawili chini yake. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. "Sawa, baba. Lakini imekwisha."

Akauliza kama kuna mwingine mwenye leseni. Nikatoa yangu. Ina madaraja yote, madogo kwa makubwa, na miaka kumi na moja haina doa. "Mama, hongera!" akasema yule binti. Jamani, nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa darasani. Nilijitahidi isionekane usoni. Ilionekana.

Jina langu likaingia kwenye mkataba. Akanisomea kwa sauti: dereva ni mmoja tu, mwingine akishika usukani bima hailipi chochote. Saini hapa, na hapa, na hapa. Mume wangu akacheka kwa nguvu, akawageukia watu wa foleni: "Huyu kazi yake kubeba maiti watarajiwa. Gari la starehe atalijulia wapi!" Wawili watatu wakacheka. Nikaweka saini. Mara tatu, vizuri.

Nje nikalikagua kama ninavyokagua langu kila alfajiri. Matairi, spea, jeki, taa, maji ya kioo. Mkwaruzo mlango wa nyuma, nikauandikisha. Mume wangu ananong'ona nisimtie aibu juani.

Gari tamu! Linateleza kama limepakwa mafuta. Ila yeye huku pembeni anakanyaga breki asizokuwa nazo. "Punguza! Punguza, wewe!" Wifi kule nyuma akashindwa kujizuia: "Kaka, leo umekuwa utingo!" Akacheka mpaka akakohoa. Na mimi kicheko kidogo kikanitoka. Mume wangu akawasha redio, akaipandisha sauti hadi hotelini.

Hotelini ndiyo kabisa. Mlinzi wa geti akainama dirishani kwangu: dereva, ukishawashusha wageni peleka gari nyuma, chumba cha madereva kiko huko huko. Nikamgeukia mume wangu, nikisubiri amsahihishe. Akafungua mlango, akashuka, akanyoosha suruali.

"Umesikia," akasema.

Nikapeleka gari nyuma.

Jumapili, 10 Agosti

Hatukutoka. Amenuna, anatazama mpira chumbani na mapazia yamefungwa. Nimekaa bustanini na wifi. Anasema kaka yake ndivyo alivyo tangu utotoni, akifungwa anaondoka na mpira wake, mchezo unaishia hapo. Tumecheka sana. Sikuwahi kujua wifi anachekesha. Kila mara tukikutana huwa tunapimana tu kama paka wawili juu ya ukuta mmoja.

Kesho nimepanga twende kwenye maporomoko ya maji. Saa moja na nusu kwa gari.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika polepole, mkono hautaki.

Kifungua kinywa. Ufunguo wa gari uko mezani, karibu na kikombe changu. Mume wangu akauchukua, akautia mfukoni. Nikamkumbusha mkataba. Mkataba ni karatasi, akasema, mimi ni mumeo. Nikamwambia bima. Akaniuliza kama nataka kelele mbele ya watu. Sikutaka kelele. Wifi akaingilia: "Kaka, si umwache mwenzio tu aendeshe?" Akajibiwa kama anaogopa abaki na presha yake. Kumbe ule utingo wa juzi bado ulikuwa kooni mwake, hajaumeza wala hajautema.

Nikapanda upande wa abiria, nikafunga mkanda.

Aliendesha vizuri, sitamsingizia. Dakika kumi, kumi na tano. Halafu simu yake ikalia, akainama kutazama ni nani. Kutazama tu! Mbele yetu mtu wa baiskeli, amefunga mabomba ya plastiki nyuma ya kiti. Nilipiga ukelele. Au niliwaza kupiga, sijui. Kilichobaki masikioni ni mabomba yakitawanyika kwenye lami. Mtu mwenyewe hakutoa hata sauti.

Nilikuwa nje kabla gari halijatulia. Fundi bomba, umri wa miaka hamsini hivi. Ana fahamu, anapumua sawasawa. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, mfupa umetokeza. Nikamwambia mimi ni mtu wa gari la wagonjwa, anitazame usoni, asitazame chini. Nikachukua vipande viwili vya mabomba yake mwenyewe. Wifi akavua mtandio bila kuambiwa. Nikafunga mguu, nikakandamiza damu. Wifi kashika kichwa cha fundi mapajani, anamwambia pole kaka, pole kaka. Mikono yake imetulia kuliko yangu. Presha gani ile!

Nikainua kichwa nimwite mume wangu tusaidiane kubeba.

Kiti cha dereva kitupu. Yeye amehamia kwenye kiti changu. Mkanda kifuani! Anatazama mbele, kama mtu anayesubiri taa zibadilike.

Watu wakaanza kuja, mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara. Akashusha kioo, akawaambia: "Mke wangu amegonga mtu. Bahati mbaya tu."

Nilisikia. Mikono yangu iko kwenye mguu wa mtu, nikiachia damu inatoka. Sikusema kitu. Ndivyo ilivyokuwa, sikusema kitu.

Kisha nani aendeshe kwenda hospitali? Mimi, kwani nani mwingine. Gereji nzima imeniona nikiingia. Na mume wangu alizunguka mbio akanifungulia mlango. Mara ya kwanza katika ndoa hii ananifungulia mlango wa gari.

Hospitalini askari wa kike akauliza dereva nani. Mume wangu akajibu kabla sijafumbua mdomo. Akaongezea: ni dereva kwa kazi yake, ndiyo maana hata yeye anashangaa. Gari limezuiwa kituoni. Tumeambiwa tufike Jumatano saa tatu, wote watatu, kuandika maelezo.

Jumanne, 12 Agosti

Tangu alipoamka anaongea. Kwanza kwa upole, mpenzi, mama, mke wangu. Tangu lini! Usaili wa umeneja ni wiki ijayo, mtu mwenye kesi hawamtazami mara mbili. Leseni yake imekwisha, ikijulikana ni yeye, bima haitoi kitu, na huyo fundi ndiye atakayeumia zaidi, je, mimi sina huruma na fundi? Fundi ameingizwa naye! Lakini ikiwa ni mimi kila kitu kinakwenda sawa. Jina langu liko kwenye mkataba. Mimi watanipa onyo, watu wa kazi yangu wanazoea hayo.

Hatuzoei. Dereva wa gari la wagonjwa akimjeruhi mtu, hata akiwa likizo, anavuliwa sare siku hiyo hiyo. Mwenzangu tuliyekuwa tukimwita Chuma aligonga mama mmoja akiwa na gari lake mwenyewe, tena polepole. Sasa hivi anaosha magari yetu uani. Tunamsalimia, anajibu bila kuinua uso.

Nilimwambia hayo. Akasema, "Basi utaosha magari. Si ni kazi pia?"

Akasema hivyo huku anavaa soksi.

Wifi naye kapewa yake: ulikuwa umesinzia kule nyuma, hukuona kitu. Wifi akamuuliza, "Nilisinzia huku nimempakata mtu?" Akaambiwa akumbuke nani anamlipia nyumba tangu aachike. Hapo wifi akaanza kukunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Mchana nilikwenda hospitali peke yangu, kwa miguu. Fundi amefanyiwa upasuaji usiku. Kitanda cha pili kutoka dirishani, mguu umening'inizwa. Mkewe yuko kando, amejitanda hadi kidevuni. Fundi akanitambua kwa sauti. Akasema daktari kamwambia aliyefunga mguu ule kauokoa, kidogo tu ukatwe. Akanishika mkono. Viganja vyake vigumu kama mbao.

Halafu akauliza, bila ubaya wowote: "Ilikuwaje, dada? Mimi nilikuwa nimewapa mgongo."

Nikafumbua mdomo. Wallahi nilikuwa nasema!

Mkewe akaniwahi. "Itakuwaje zaidi ya hivyo? Amekuvunja, halafu amekufunga. Tumshukuru kwa lipi?"

Yule mzee akamkaripia mkewe. Akaniomba msamaha. Yeye, mwenye mguu ulioning'inizwa, ananiomba mimi msamaha! Nimetoka pale sioni ninapokanyaga. Kwenye ngazi nimekaa chini kama mgonjwa, muuguzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Nimerudi hotelini, mume wangu kaagiza chakula kwa watatu. Kanivutia kiti. Nimekula, aibu iliyoje. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 13 Agosti

Kituo cha polisi. Benchi la mbao, ukuta una alama za vichwa vya watu waliouegemea. Saa tatu na robo.

Mume wangu amevaa shati jeupe na saa yake ya vikao. Ananinong'oneza nini cha kusema, kana kwamba ninakwenda kuigiza. Mwendo wa hamsini. Baiskeli ilikata ghafla. Nimemuuliza, ilikata? Akanikazia macho.

Ameingia yeye kwanza. Dakika saba. Ametoka anatabasamu, amepeana mkono na askari.

Wifi ndiye wa pili. Dakika saba zikapita. Kumi na tano. Ishirini na tano. Mume wangu alianza kutembea, mlangoni, ukutani, mlangoni. Akaniuliza anaongea nini muda wote huo mtu aliyekuwa amesinzia? Nikasema sijui. Kweli sijui.

Ametoka. Macho mekundu. Kaka yake akamsogezea nafasi kwenye benchi, akapapasa mbao: njoo. Wifi akapita mbele yake kama anapita mbele ya kabati, akaja kukaa kwangu. Bega kwa bega. Alinishika goti kidogo tu, akaliachia.

"Umesema nini?" mume wangu akamuuliza. "Wewe, nakuuliza, umesema nini?"

Wifi anatazama sakafu.

Nikaitwa.

Sasa niko ndani. Askari wa kike, yule yule wa hospitali. Amenipa karatasi na kalamu, amesema wenye mwandiko mzuri huwaachia waandike wenyewe, kisha wasome na kusaini. Ameuliza swali moja tu: nani alikuwa na usukani? Nikaomba maji kwanza. Akanitazama kidogo, akaondoka kuyaleta. Nimetoa daftari hili badala yake, limenizoea.

Mlango una kioo kidogo. Uso wa mume wangu uko pale. Ananionyesha kidole gumba. Sasa ameunganisha viganja, ananiomba. Sasa ananinyooshea kidole. Yote hayo kwenye kioo kisichozidi sahani.

Nasikia viatu vya askari kwenye korido, anatembea taratibu, glasi itakuwa imejaa. Kwenye karatasi yao nimeandika maneno matatu mpaka sasa. "Mimi nilikuwa nimekaa". Sijaandika wapi.