Upepo wa Bunduki ya Royce

Barabara ya Kisima Kikavu,
Kaunti ya Comanche, Texas.
11 Juni

Mpendwa Mama Mdogo Lurleen,

Hivi punde binti yangu Maybeth amechukua ufagio, akausimamisha katikati ya jikoni, akaushika kwa mikono miwili, akaanza kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, mdomo ukitoa "psss, psss." Nimecheka mpaka kalamu imeniponyoka. Ananiigiza mimi. Nitakueleza.

Kwanza, u hali gani huko Alaska? Kifua kimepoa? Na ile baridi uliyosema inaingia hata kwenye meno, imeondoka? Sisi huku ni wazima. Joto limeanza mapema, kuku wanashinda chini ya pikapu. Kofia uliyomfumia Maybeth bado analala nayo, jua lote hili.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kilio, unisamehe. Nilikwambia Royce alianguka kwenye trekta akavunjika bega la kulia, na daktari akamkataza bunduki, maana teke la bunduki inapofyatuka lingelivunja bega tena. Nilikwambia pia kwamba siku mbili tu baada ya kupanda karanga, nguruwe pori waliingia shambani. Unawajua. Wanashika mstari mwanzo hadi mwisho, wanafukua mbegu moja moja kama mtu anayesoma kwa kidole. Ekari kumi na mbili zikaisha. Tukapanda tena, na mbegu ya kupanda mara ya tatu hatukuwa nayo.

Lakini Mama Mdogo, shamba halikunitia hofu kama Royce mwenyewe. Alikuwa hasemi. Hakuniomba hata nimfunge kamba za viatu. Alizifunga kwa mkono mmoja, nusu saa nzima, na mimi najifanya naosha vyombo.

Ndipo kaka yake, Harlan, akamletea bunduki ya upepo, ile inayorusha mishale. Haivutwi kama upinde, haina teke, wala haina mlio wa kushtua ng'ombe wa jirani. Unaijaza upepo kwa pampu ndefu ya kusimama, unachomeka mshale, basi. Jumamosi nzima Royce alilenga marobota ya nyasi. Nikamsikia anapiga mluzi.

Kumbe upepo unapungua kwa kila mshale, na pampu ile inataka mikono miwili. Nikamwambia, "Nipe nikujazie."

"Acha, Dessa. Uliobaki unatosha."

Alfajiri akaenda. Mshale ukaishiwa nguvu, ukashuka, ukalikwaruza dume la nguruwe mguuni, na dume likamgeukia. Alipandaje nyuma ya pikapu kwa mkono mmoja, hata yeye hajui. Alirudi suruali imechanika, uso kama unga, akaketi kwenye ngazi. Mama mkwe, Opal, akamwambia, "Wewe una mkono mmoja, mkeo hazidi uzito wa mifuko miwili ya mbegu. Mkijumlishwa tunapata mtu mzima mmoja. Sasa jumlishaneni."

Royce akaangalia viatu vyake. Kamba zilikuwa zimefunguka. Akasema polepole, "Dessa, nifunge. Halafu uje unijazie upepo."

Pampu ile usiione. Mwanzo inakwenda kama ya baiskeli, lakini ukifika katikati lazima uiangukie kwa mwili mzima. Royce alitazama geji ya upepo na kuhesabu.

"Umechoka, mama kuku?" akanitania kwa kule kuchuchumaa kwangu.

"Hesabu, bwana. Kazi yako ni hiyo."

Mara mia mbili na arobaini. Maybeth alikuwa kibarazani akituangalia, na tangu siku hiyo kila kijiti kwake ni pampu.

Siku ya tatu, jua likianza kuchomoza, Royce aliliangusha jike kubwa linaloongoza kundi. Mshale mmoja, halikufika hatua ishirini. Kesho yake akalimaliza na lile dume linalochechemea. Kundi likatawanyika. Najua watarudi, nguruwe hawajui kuaga. Lakini leo asubuhi nimetembea mistari yote na Maybeth begani, na karanga zimeota, mstari mzima, hakuna pengo. Nimekaa chini palepale nikalia kidogo, kilio cha kushusha mzigo. Maybeth akanifuta kwa kofia yako.

Paja la jike liko kwenye pipa la moshi wa mwaloni tangu jana, na mama mkwe amekalia kiti kando yake asije mtu akafunua mfuniko.

Msalimie Baba Mdogo Dewitt, na binamu Clea mwambie picha zake zimefika. Opal anakusalimu. Mungu akukinge na barafu, akupe pumzi nyepesi na njia ya kuja kutuona karanga zikivunwa.

Ni mimi mwanao, wako akupendaye,
Dessa

Nilikuwa sijafunga bahasha, nilitaka nikwambie habari ya gauni la Maybeth, lakini Royce ananiita toka uani, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Dessa, njoo, upepo umeisha," na Maybeth ameshatangulia na ufagio wake, kwa hiyo ngoja kwanza nikamjazie.