Soude ya Papa Pasta

Mama yangu hapo Mweso, salamu toka Walikale, mvua haiachi.

Leo Papa Pasta alikuwa anapika sabuni, soude, ile dawa kali ya sabuni, ikaniunguza kidole. Nikamuambia mimi nimefika mpaka Kampala, kitu kama hicho hakiniwezi. Akacheka: «Soude caustique, kaka, jina lilitoka kwa verbe, kitenzi ya Wagiriki, kaio: kuwasha taa, kuunguza. Njo verbe ya wale wanafunzi wawili, mioyo yao iliwaka njiani na Bwana aliyefufuka.»

«Kisha wakafanya nini?»

«Wakarudi saa ile ile walikotoka.»

Mama, ile biashara nilisema inanileta huku ilikuwa uongo. Nilikuacha kwa hospitali sababu niliogopa kuona wakikupasua. Tangu pale situlii. Dereva anakuletea kadi hii; lori lake limejaa, nafuata kwa miguu. Ambia wadaktari wangoje, muntu mukubwa iko njiani.

Nakupenda sana,
Mutoto wako