Matairi Mapana

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Nyepesi, imeyeyuka kabla ya saa sita. Lakini mji mzima wa Chicoutimi umeingiwa na kiwewe – gereji zimejaa hadi katikati ya Desemba, na sheria inataka matairi ya baridi ifikapo tarehe mosi Desemba. Imebaki nafasi moja tu: gereji ya Normand, aliyekuwa mume wangu. Miaka thelathini na moja nimemfulia ovaroli yule mtu, leo nimwombe nafasi!

Sina namna. Mama yuko La Baie, kwenye nyumba ya wazee, juu ya kilima kikali. Daktari amesema Krismasi huenda asiione. Lazima nifike kila siku.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda. Normand kalizunguka gari langu mara mbili, mikono mfukoni. Gari jekundu, la mbio, nililonunua kwa fungu langu tulipoachana. Analijua, ndiyo maana anaguna. Eti hili ni la kufunikwa turubai mpaka Mei. Nikamwambia sikuja kuomba ruhusa.

"Basi sikiliza, Ghis. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma hili. Nikuwekee matairi membamba, ya misumari ya kushika barafu, kwenye rimu ndogo za chuma. Membamba yanakata theluji hadi chini. Mapana yanaelea."

Rimu nyeusi za chuma! Kama gari la kusambaza mikate. Nikamuuliza, na Carole wako unamvalisha hivyo hivyo? Carole, mwanamke wake wa sasa, alikuwa kaunta. Akajifanya anatafuta stepla.

Nimeondoka. Anataka kunifanya kichekesho, namjua.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimepata duka kule Quebec mjini. Muuzaji ananiita "dada" – umri huu! Kasema gari kama hili halivalishwi viatu vya bibi. Nimechukua mapana. Ni ya baridi, yana alama ya theluji ubavuni, sheria haina neno. Yamependeza mno. Nimepita mbele ya gereji ya Normand taratibu, mara mbili. Ujinga, najua. Lakini roho imetulia.

Jumatatu, 1 Desemba

Lami kavu. Gari limeshika barabara vizuri. Normand na misumari yake!

Mama hali tena, supu kijiko kimoja tu. Kauliza: "Normand hajambo? Mbona hukuja naye?" Nimesema hajambo, kazi nyingi. Miaka miwili sasa namdanganya. Anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Nimtoboleeje leo?

Jumanne, 9 Desemba

Saa tisa alasiri. Naandika ndani ya gari. Nimekwama.

Muuguzi alipiga saa saba. Kasema: "Bi Ghislaine, njoo leo, usingoje kesho. Anakutaja wewe na mumeo." Mumeo! Nikatoka mbio. Theluji imeanguka tangu alfajiri, barabarani rojorojo tupu. Nimefika chini ya kilima, basi. Matairi ya nyuma yanazunguka, gari linaenda upande. Limeelea – neno la Normand lile lile. Nimejaribu mara sita. Sasa nimo mtaroni, matako ya gari juu. Nyumba ya wazee naiona kabisa, taa zake zinawaka kule juu. Nimeshuka nitembee, upepo ukaniangusha kwenye hatua ya kumi. Goti limevimba.

Nimepigia magari ya kuvuta manne. Yote yana kazi hadi jioni. La tano ni la Normand.

Nimempigia. Kauliza naelekea wapi. Ikabidi niseme: kwa mama, anaaga. Na hajui kwamba tumeachana. Anadhani wewe bado wangu.

Nikasikia Carole anauliza ni nani. Kisha: "Nakuja."

Zimepita dakika ishirini. Muuguzi kapiga tena, sikupokea. Naogopa.

Huyo, amefika. Lori lake limefika hadi hapa bila hata kuteleza – membamba, ya misumari, nimeyaona. Nilimngoja acheke. Angecheka tu, ningejua la kumjibu.

Hakucheka. Hakuvaa hata ovaroli. Amevaa koti la kijivu, lile alilonunuliwa na mama, na nywele kachana. Ameacha mlango wa abiria wa lori wazi.

Anagonga kioo changu. Kwenye kidole amevaa ile pete yetu ya ndoa.