Nilipoulizwa Habari za Nyumbani

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto, pamoja na hao wajukuu ambao sura zao nazijua kwa picha tu. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba shemeji bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka taa mbili pale ilipotosha moja.

Kazi yangu ni ileile, kujalidi vitabu katika chumba cha chini cha maktaba. Wiki hii nimeshona upya kamusi iliyopasuka mgongo, na vidole bado vinanuka gundi. Nyumbani naishi na yule mpishi wa kwetu tunayemwita Jenerali, kwa jinsi anavyoyaamrisha masufuria.

Habari kubwa ni ya sheria. Unajua kwamba sisi tuliokimbia vita hatukupewa ukaazi hapa. Tulipewa hifadhi ya muda. Kila ilipokaribia kwisha, serikali ilitangaza kuiongeza kwa wote, tukapumua. Nimezeekea ndani ya nyongeza hizo. Sasa wameibadili. Kila mtu atahojiwa peke yake: mwenye sababu ya kuogopa kurudi atapewa ukaazi wa kudumu, na ambaye kwao kumetulia atapewa miezi michache afunge mizigo. Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi, mimi niliyemaliza vitabu vigumu kuliko hilo, na bado sijui kama wanatukaribisha au wanatuaga. Jenerali aliniambia niache falsafa: niseme naogopa, nitie sahihi, nirudi tule.

Ijumaa iliyopita niliitwa. Nilimkuta ofisa, mama mmoja mwenye mafua, na mkalimani, binti aliyezaliwa huku kwa wazazi wa kwetu. Aliniamkia vizuri, moyo ukatulia. Ofisa alitaka kujua hali ya nchi yetu ikoje. Yule binti, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akaniuliza, “Babu, habari za nyumbani?” Nami nikajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu hata tukiwa matangani: nzuri, tunamshukuru Mungu. Nilikusudia kuendelea, maana sisi mabaya huyasema baada ya hiyo nzuri. Lakini ofisa alikuwa ameshaandika, akapenga kamasi, akahamia swali lingine.

Jenerali aliposikia alishika kichwa. Alisema, “Mzee mzima unaulizwa vita, unajibu kama uko harusini! Wenzako wanatafuta machozi kwa kitunguu, wewe unashukuru!” Tulicheka hadi akapaliwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo Jenerali halijui. Mwisho wa mahojiano binti alinisomea majibu yangu yote. Alipofika kwenye lile akasita, akanitazama, akaniuliza taratibu kama nina la kuongeza. Alikuwa ameelewa. Neno langu moja lingetosha. Sikulisema. Sikuwa nimesahau, wala sikumwogopa ofisa. Ni kwamba sikuwahi kusikia mtu akisoma kwa sauti, ndani ya ofisi ya serikali, kwamba kwetu ni kwema, na nilitamani libaki hivyo. Nikatia sahihi. Tangu siku hiyo sijielewi. Asubuhi natoka nikiwa nimeamua kwenda kurekebisha. Jioni najikuta nimesimama dukani nikijaribu zipu za masanduku ya safari.

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao kubadili maelezo yangu. Miaka yote hii barua zako zimesema hamjambo, nami nimekujibu hivyohivyo, hata mwaka ule niliolazwa hospitalini bila kukuambia. Nadhani ndivyo tulivyolindana. Safari hii usinilinde. Usiku mnalala? Shule zinafunguliwa? Nyumba ya baba bado ina paa? Na wale waliokuja kunitafuta kabla sijakimbia, bado wapo mtaani?

Wape wote salamu zangu, mkubwa kwa mdogo. Ukiandika nije, nitakuja. Ukiandika nisije, nitarudi kwa yule ofisa nimweleze yote niliyoyaacha. Ila usinyamaze, mdogo wangu, maana ukimya wako nitausoma kila namna.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye daima.