Ndirangu, Ni Wewe Uliyemuua Karis?

Ndirangu,

Tangu tukuzike Thika umeendelea kuongea. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna sinema yenye sauti yako inauzwa Ruiru, na mimi siiamini.

Ni ile ya wafungwa waliohukumiwa kunyongwa. Wanatolewa jela, wanapewa bunduki, wanarushwa sayari nyingine wakapigane na madudu. Atakayebaki hai anaachiliwa. Hapa Kiuu, kwa ukumbi wangu wa video, uliisimulia kwa Kiswahili mpaka viti vikavunjika. Kila mfungwa ulimpa jina la mtu wa benchi ya mbele, na watu walikuja mapema wakigombania kuuawa. "Kinyozi ameliwa mkono, kesho mtanyolewa na nani?" Kinyozi mwenyewe alicheka hadi machozi.

Karis fundi wa welding ndiye aliyependa kufa wa kwanza. Halafu akahukumiwa kunyongwa kweli, kwa wizi wa mabavu ambao mama yake hadi leo anasema hakufanya. Wiki hiyo Mama Karis aliingia ukumbini na aproni yake ya chapati, akasimama nyuma. Aliniuliza polepole kama serikali yetu haiwezi kuwapa vijana nafasi kama hiyo, hata kama ni ya kupigana na madudu. Nilimsogezea kiti tu. Lakini wewe ulikuwa umemwona. Dudu lilipomkata yule mfungwa aliyeitwa Karis vipande viwili, ukasema kwa spika, "Huyo si Karis. Karis ametokea mlango wa nyuma." Hakuna aliyecheka. Baadaye ulimwahidi huyo mama kwamba rufaa ikiwa bado, mwanawe hatakufa mdomoni mwako.

Sasa juzi akasikia kwa kinyozi mmoja wa Ruiru, sinema hiyo ikichezwa. Sauti yako, na kile kicheko chako cha puani, ikisema Karis ameraruliwa, kwisha yeye. Alikuja kwangu mikono ikiwa bado na unga.

"Ndirangu alibadilisha maneno lini?"

Nilienda Ruiru nikainunua, nikaisikiliza yote. Muuzaji aliapa uliirekodi miezi miwili kabla ya kufa. Dakika tisini na mbili, hakuna kikohozi hata kimoja. Wewe, wakati huo, ulikuwa humalizi dakika kumi bila kukohoa na kuomba maji ya moto. Hesabu ikakataa.

Nikamtafuta mdogo wako Mburu, yule aliyebeba flashi zako zote kabla hata udongo haujakauka. Hakukana kwa muda mrefu. Rekodi zako za zamani, za siku Karis alipokuwa akifa kila Jumamosi, ameilisha kompyuta, na sasa kompyuta inasema kwa sauti yako chochote anachoandika.

"Sauti ya ndugu yangu ni ya familia, Mama Njeri," akaniambia. "Wewe ulikuwa unaikodi tu."

Hiyo ilinichoma. Ule ukumbi niliujenga mwenyewe, kutoka televisheni moja na mbao za kuokota, na bado ni wewe uliyewaleta watu. Kwa hivyo hajadanganya sana. Ati pia ulimkubalia hospitalini, ukatikisa kichwa. Labda. Mtu aliyefungwa oksijeni anaweza kumtikisia kichwa hata mhudumu wa uji. Na nikuambie ukweli, usiku mmoja nilikushuku na wewe. Nilijiuliza kama ulichoka na ile ahadi.

Nilimweleza Mama Karis. Ilinichukua muda, kwa sababu aliuliza mashine imejuaje jina la mwanawe. Alipoelewa, alikaa chini juu ya debe la mafuta.

"Kwa hivyo si yeye alimuua."

Nikasema si wewe. Nilisema bila kusita, Ndirangu, na kama nimekosea, hiyo utanijibu tukikutana.

Rufaa inasikizwa mwezi ujao. Huyu mama hawezi kwenda kortini kila kinyozi wa Ruiru akimzika mtoto wake. Kesho naenda naye dukani kwa Mburu, anakouzia hizo sinema. Pesa akae nazo. Jina la Karis litatoka kwenye sinema, na akikataa nitasimama hapo mlangoni nimwambie kila mteja anayeingia kwamba anayeongea humo ndani hana mapafu na hajawahi kuahidi mtu kitu.

Wewe pumzika, rafiki yangu. Umenyamaza, na ninataka ubaki umenyamaza.

Mama Njeri
Kiuu